Kiapo cha Ghalani

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, nikafika mapema kusaidia kumenya ndizi. Vijana wa mapambo walikuwa wametandaza turubai uani likauke kabla ya kulipandisha kwenye nguzo. Jua la saa nne lilipolipata, ile harufu ikatoka: plastiki iliyopata moto, vumbi, na kitu kama miguu ya watu wengi. Wenzangu waliendelea kumenya na kusengenya. Mimi mabega yalipanda, nikawa nasubiri teke. Mtu mzima na watoto wangu wawili, nimekaa mbele ya beseni la ndizi nasubiri teke.

Watu wa rika langu wakikutana hupenda kukumbushana michezo ya utotoni, nani alikuwa bingwa wa rede, nani alikuwa akijificha vizuri kwenye kombolela. Mchezo wangu ulikuwa taekwondo, niliucheza miezi saba na sikuupenda hata siku moja. Mpaka leo sijui kupiga teke la maana. Mtu akiniuliza kwa nini basi sikuacha, huwa namjibu kwamba shangazi yangu alikuwa mkali. Shangazi alikuwa mkali kweli, lakini hiyo siyo sababu.

Nililelewa na bibi yangu, mama wa baba, kule Suji, juu kwenye milima ya Upare, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Wazazi walikuwa Tanga kikazi na mdogo wangu. Nilipofika miaka tisa, ukoo ukaamua kwamba bibi ameanza kuchoka na mimi nahitaji shule ya mjini, nikateremshwa Same kwa Shangazi Naetwe. Ukitoka kwetu kwenda Same unashuka, unashuka tena, halafu ghafla unafika kwenye joto, mikonge na upepo unaokupulizia vumbi mpaka ndani ya meno. Wiki ya kwanza nililia kila nikioga, kwa sababu maji ya Same yalikuwa na chumvi. Shangazi alinisikia, akasema kutoka nje ya mlango, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utazoea."

Shangazi alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Alifunga saa kumi na mbili jioni. Mimi nilitoka shule saa tisa, na hayo masaa matatu yalimnyima raha. Shuleni nako kulikuwa na wavulana waliokuwa wakinifuata nyuma wakiigiza nilivyokuwa nikisema Kiswahili cha mlimani, na siku moja mmoja wao alinivuta begi mpaka mkanda ukakatika. Shangazi akaona karatasi iliyobandikwa ukutani mwa mashine ya kusaga: mafunzo ya taekwondo, Jumanne na Alhamisi, watoto wa kike na wa kiume. Akaniandikisha siku hiyohiyo. Kwa ada moja alipata mtu wa kunilinda na mahali pa kuniweka.

Mafunzo yalifanyika kwenye ghala la zamani la mahindi. Chini walikuwa wamepanga magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, na juu yake wakavuta turubai la bluu. Mwalimu alikuwa Hemedi, kijana aliyetoka Kileo, upande wa Mwanga, fundi umeme, aliyejifunza mchezo ule Arusha. Alikuwa mpole na mwenye sauti ndogo, jambo lililonitisha zaidi, maana kwetu watu wa maneno makali walikuwa ndio wa kawaida.

Sasa mnielewe. Juu ya nyumba yetu kulikuwa na msitu mdogo wa tambiko. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, lakini bibi alikuwa amenisimulia ya huko: wazee huvua viatu, huinama kabla ya kuingia, husema maneno ya kale ambayo vijana hawayaelewi, na hakuna anayetoka mpaka aruhusiwe. Siku ya kwanza ghalani Mwalimu Hemedi aliniambia nivue viatu. Akaniambia niinamie kitambaa kilichotundikwa ukutani. Watoto waliovaa nguo nyeupe walihesabu kwa pamoja, hana, dul, set, maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kipare. Na mtu akitaka kwenda chooni alinyoosha mkono, akaruhusiwa, akainama, akatoka. Sikuhitaji kuelezwa. Nilijua niko wapi.

Halafu akanisimamisha mbele, nikainua mkono wa kulia, nikafuatisha maneno yake: nitamtii mwalimu, sitamwonea aliye mdogo kuliko mimi, sitaacha nilichokianza. Watoto wakapiga makofi. Mimi mkono nilisahau kuushusha.

Kwa maana kiapo nilikuwa nimekiona. Kule Suji majirani zetu wawili waligombea mpaka wa shamba, mmoja akang'oa masale ya kuonyesha mpaka yaliyopandwa na babu zao, kisha akaapa mbele za watu kwamba hajayagusa. Mvua za vuli hazijaisha, mama yake akafa. Nilimuuliza bibi kwa nini asife yeye mwenyewe aliyeapa uongo. Bibi akasema, huku anapepeta mahindi kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kiapo hakimdai aliyeapa, kinamdai anayependwa naye. Nilikuwa na miaka saba. Neno lile liliniingia likakaa, na bibi hakujua kwamba limekaa.

Kwa hiyo siku ile ghalani nilipiga hesabu ya mtoto. Nani ninayempenda? Wazazi niliwapenda, lakini kwa barua na simu. Shangazi nilikuwa bado sijaamua. Mtu aliyebaki alikuwa mmoja, na alikuwa mzee, peke yake juu mlimani na mbuzi wawili. Nikijitoa, atakufa bibi.

Na kujitoa nilikutaka kuliko kitu chochote. Nilipangwa na Mwanaidi, binti wa muuza nyama wa sokoni, miaka kumi na miwili, miguu mirefu kama ya korongo. Hakuwa mbaya. Alinipiga tu, kwa sababu ndiyo kazi tuliyopewa. Teke lake lilitua tumboni au ubavuni, nami nikakaa chini kwenye turubai lenye joto, nikavuta ile harufu, nikasimama tena.

"Unafumba macho," aliniambia siku moja. "Ukifumba macho utajuaje teke linatokea wapi?"

"Najua linatokea wapi. Linatoka kwako."

Alicheka, kisha akaniangalia vizuri. "Kama hupendi si uache? Wengi wanaacha."

Ni kweli, wengi waliacha, na mimi nilikuwa nawafuatilia kama polisi. Mtoto mmoja, Elia, aliacha baada ya mwezi kwa sababu alichoka. Wiki iliyofuata baba yake alianguka na bodaboda njia ya Makanya, akavunjika mguu. Elia mwenyewe alikuwa anachezea gongo la kutembelea la baba yake barazani, hana habari. Nilipita pale nikamwonea huruma nikashindwa hata kumsalimu. Nilimwona kama mtu aliyefanya jambo baya bila kujua, na mimi ninayejua sikuwa na pa kusingizia.

Kumwambia Shangazi haikuwezekana. Kwake habari za tambiko na viapo vya kale zilikuwa ushirikina, na ushirikina dawa yake ilikuwa kufunga na kuomba. Angenisimamisha mbele ya kikundi cha akina mama wakaniwekea mikono, na kiapo kingebaki palepale. Kumwambia Mwalimu Hemedi ndiyo kabisa, kwani yeye ndiye aliyekishika. Nikabaki katikati, sina mlango. Jumatatu usiku chakula kilikuwa hakishuki, Jumatano nilipumua siku moja, Alhamisi tena. Nilikuwa nikitembea kwenda ghalani polepole kwa kukanyaga kivuli cha ukuta, ili nichelewe bila kukosa.

Mwezi wa sita wa mafunzo nilijaribu ujanja. Sikuacha, nilijisemea, naumwa tu. Nilijifunika blanketi katika joto lile la Same nikasema kichwa kinaniuma. Shangazi akanigusa shingoni, akaniachia panadoli na uji, akaenda dukani. Nililala nikisikiliza kuku, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijisikia mtoto. Saa nane Shangazi akarudi mbio kuchukua pochi. Simu ilikuwa imetoka Suji. Bibi ameanguka mgombani, amekaa chini muda mrefu kabla ya kuonekana, wanamteremsha.

Sikungoja amalize. Nilichukua nguo nyeupe nikakimbia mpaka ghalani, nikafika nahema, wa kwanza kabisa. Mwalimu Hemedi alikuwa anafagia.

"Shangazi yako kasema unaumwa."

"Nimepona."

"Basi kaa pembeni uangalie."

"Naomba nifanye, mwalimu. Naomba."

Akanikubalia. Siku ile sikufumba macho. Nilipigwa, nikapiga, nikaanguka, nikaomba kurudia. Mwisho wa mazoezi aliniita mbele ya wote, akaniwekea mkono begani. "Mnamwona huyu? Alikuwa kitandani asubuhi. Huu ndio moyo ninaoutafuta." Wakanipigia makofi kama siku ile ya kwanza. Nilitamani kumng'ata ule mkono. Sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko kusifiwa kwa kitu kinachokuua.

Bibi akaletwa Same. Alikaa hospitali siku nne, akapimwa vitu vingi, kisha akaja kwa Shangazi kupumzika, akalala kitandani kwangu nami nikalala mkekani. Alikuwa amepungua. Wakubwa waliniambia amepata nafuu, nami niliwaamini, kwa sababu nilijua nafuu ile imetoka wapi. Nilikuwa sijakosa siku tena.

Jumanne moja nilitoka shule nikamkuta uani peke yake, anachambua maharage. Nikaingia kubadili nguo, nikatoka na ile nyeupe mwilini, na nilipomwona amekaa pale na ungo wake, kilio kikanishinda. Hakuniuliza kitu mpaka nilipotulia. Ndipo nikamwambia yote: ghala, viatu, kuinama, maneno yasiyoeleweka, mkono wa kulia, Elia na mguu wa baba yake, blanketi, mgomba.

Nilitegemea atacheka au atanigombeza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Aliyekuapisha ni nani?"

"Mwalimu Hemedi."

"Mzee?"

"Ana ndevu kidogo."

"Na uliapa kwa kinywa chako, kwa sauti?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ni kiapo," akasema. "Umefanya vizuri kuniambia. Leo nenda, usikose. Alhamisi twende wote. Shangazi yako asijue, atatuombea mpaka magoti yatoke sugu."

Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyofarijika. Laiti angeniambia ule ni upuuzi wa watoto, ningekuwa nimepoteza mtu wa mwisho wa kunielewa. Alikubali kwamba kamba ninayoiona mguuni ipo.

Alhamisi alivaa kitenge chake kizuri. Kutoka nyumbani hadi ghalani ni mwendo wa dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa nzima, maana alikaa kwenye kila baraza lenye kivuli. Mlangoni alivua kandambili zake, mwenyewe, bila kuambiwa. Mwalimu Hemedi akaja haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwapisha mjukuu wangu?"

Alitabasamu, akaanza kueleza kwamba kile ni kiapo cha michezo tu, cha kuwajenga nidhamu watoto. Bibi alimwacha amalize. Kisha akamshika kiwiko, akamvuta pembeni kidogo, wakazungumza. Sikusikia. Niliona bibi akisema maneno machache, na Mwalimu Hemedi akiacha kutabasamu, akiangalia vidole vyake vya miguu. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtoto anayetumwa dukani.

Aliporudi aliwasimamisha wanafunzi mstari. Akaomba maji, Mwanaidi akaleta kikombe. Bibi akamwelekeza mwalimu taratibu. Kwetu, mambo ya kinywa hufunguliwa kwa kinywa: aliyeapisha huonja maji kwanza, humpa aliyeapa, naye husukutua na kuyatema chini, nje ya mlango. Nilisukutua. Nikatema kwenye vumbi la Same, likayanywa mara moja.

"Sasa sema, watu wasikie," bibi akamwambia.

Mwalimu Hemedi akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Huyu binti, Nakijwa, nimemfungua. Kiapo alichoapa mbele yangu kimekwisha. Hakimdai yeye wala mtu wake yeyote."

"Rudia hapo mwisho."

"Hakimdai mtu wake yeyote."

Hakuna mtoto aliyecheka. Bibi akaniinamia, akaniambia kwa Kipare, lugha yetu ya mambo mazito, kwamba kuanzia siku ile likitokea jambo lolote nyumbani, liwe zuri au baya, ni la Mungu na njia zake, mimi simo. Akanifanya niyarudie hayo pia. Nikayarudia. Nilikuwa na haraka ya kuondoka na sikuona kwa nini alikuwa anasisitiza hivyo.

Sikurudi ghalani tena. Shangazi alinuna, akasema ada imeliwa na mchwa, akanipa kazi ya kukunja vitenge dukani mpaka saa ya kufunga, kazi niliyoipenda. Bibi alirudi Suji Jumapili, akisema hawezi kulala mahali pasipo na baridi. Wiki ya tatu simu ikaja. Tulipanda mlimani sote, wazazi wakaja kutoka Tanga, tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na mgomba.

Nililia sana. Nililia kwa sababu nilimpenda na hayupo, na kwa sababu mbuzi wake walikuwa wanamtafuta uani. Lile wazo nalo lilikuja, nakumbuka, nikiwa nimekaa jikoni na akina mama: je, ni mimi? Lilikuja likakuta pamefungwa. Nilikuwa nimetema maji, mwalimu alikuwa amesema, tena alirudia. Basi nikaendelea kulia kama wajukuu wengine, nikala, nikalala.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi, nilishuka Mwanga kwa shughuli zangu nikaona mtu yuko juu ya nguzo ya umeme, na ile sauti ndogo inamwagiza mwenzake chini alete koleo. Nilimngoja ateremke. Amekuwa mnene, ndevu sasa ni nyingi na zina mvi. Nikajitambulisha. Alinikumbuka kabla sijamaliza jina.

Tulizungumza habari za Mwanaidi, ambaye ana duka lake la nyama, na habari za ghala, ambalo limebomolewa. Ndipo nikamuuliza bibi yangu alimwambia nini siku ile pale mlangoni.

Alifuta mikono kwenye suruali.

"Aliniambia daktari ameshampa jibu lake, na kwamba hatafika mavuno," akasema. "Akasema, mimi nakufa, mwanangu, hilo halina mjadala. Lakini huyu mtoto anaamini akiacha mchezo wako nitakufa, na akiendelea nitapona. Kwa hiyo nikifa akiwa bado anacheza, atasema hakucheza vizuri. Nikifa akiwa ameacha tu, atasema ameniua. Mfungue leo, mbele za watu, nikiwa bado natembea."

"Na wewe uliamini yale mambo ya maji?"

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Mimi nilimwona mtu mzima amekuja kwa miguu kwenye jua lote lile, amevua viatu mlangoni kwangu. Ningekataaje?"

Mwenzake alikuwa anamwita. Tukaagana. Nilibaki nimesimama chini ya ile nguzo na mkoba wangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikahesabu siku, kutoka Alhamisi ile ya maji hadi simu ilipokuja. Zilikuwa kumi na tisa. Sikuwahi kuzihesabu kabla ya hapo.